Egzosi inanguruma, inagonga au inanuka: mtafute muuaji kabla hujanunua spea

Mtu akija na gari linalonguruma huwa ameshatoa hukumu: "Sailensa imekufa." Ameshauliza bei Kariakoo na hela ameshaitenga, anachotaka ni mtu wa kumshikia tochi. Nikilala chini ya gari, mara nyingi nakuta sailensa ni nzima, na kinachovuja ni gasketi ya duara iliyo mbele yake, kitu cha bei ndogo mno kuliko sailensa.

Na hata sailensa inapokuwa imekufa kweli, huwa imeuawa. Mauntingi ya injini (kishikizi chake cha raba) iliyokatika hupasua bomba la mbele. Plagi mbovu huyeyusha masega ya kusafisha moshi. Raba moja ya kuning'inizia ikikatika, uzito wote unahamia kwenye kiungo, na kiungo kinaachia. Ukifunga kipya bila kumtafuta muuaji, utarudi chini ya gari kabla mwaka haujaisha.

Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwenye Toyota yangu ndogo yenye injini ya 1NZ, ile ile iliyomo kwenye IST, Probox na Raum nyingi, pamoja na magari ya majirani. Nissan na Mazda ndogo zinafanana kwa sehemu kubwa. Dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi ni habari nyingine, hizo zipelekwe kwa fundi mwenye kompyuta.

Tukubaliane majina. Kutoka injini kwenda nyuma kuna manifoldi (bomba lenye matawi linalokusanya moshi wa silinda zote), masega (kile kisafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki), bomba la mbele, bomba la kati ambalo mara nyingi lina sailensa ndogo, sailensa kubwa ya nyuma, halafu mdomo wa bomba.

Kabla hujalala chini

Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Gari likishapanda, liweke juu ya stendi za chuma, mbili mbili, kwenye sehemu ambazo kiwanda kimeziandaa pembeni mwa bodi. Usitumie tofali. Tofali la saruji halikupi onyo, linabeba, linabeba, halafu linapasuka mara moja. Kama huna stendi, usiingie chini, hata kwa "dakika moja tu". Weka mawe kwenye magurudumu yaliyobaki ardhini, vuta hendibreki, na lichomeke tairi la spea chini ya bodi pembeni yako. Likitokea la kutokea, tairi linabaki kati yako na gari.

Subiri ipoe. Egzosi ya gari lililotoka kazini inachoma saa nzima baada ya kuzimwa, na masega hufanya kazi kwenye nyuzi joto 400 na kupanda. Kazi ya egzosi ni ya asubuhi, kabla ya safari.

Na vaa miwani. Siku moja nililala chini bila miwani kwa sababu zilikuwa "bolti mbili tu". Chembe ya kutu ikaniingia jicho la kulia. Nikaosha, nikalala, nikidhani itatoka yenyewe usiku. Asubuhi yake daktari aliitoa kwa ncha ya sindano, mimi nikiwa nimekodoa macho, ameniambia nisitikisike. Miwani ya plastiki ya mafundi wa grenda inatosha kabisa.

Mngurumo mzito unaopanda ukikanyaga mafuta

Hili ndilo lalamiko namba moja. Gari dogo limeanza kutoa sauti ya lori, na ukipandisha mlima majirani wanajua umerudi.

Kabla hujagusa spana, fanya jaribio la kitambaa. Injini ikiwa baridi, gari liko nje kwenye hewa, giabox iko P au nyutro, mwambie mtu awashe. Vaa glavu, chukua kitambaa kinene kilichoroweshwa maji, ziba mdomo wa bomba kwa sekunde tatu au nne tu. Egzosi nzima itakisukuma kitambaa kwa nguvu na injini itaanza kusita. Egzosi inayovuja haitakusukuma sana, itapumua pembeni, na msaidizi wako aliyechuchumaa ubavuni ataisikia: fsss. Baada ya hapo zima gari, lipandishe kwenye stendi, umulike. Mahali panapovuja huwa pamejiandika: masizi meusi yametapakaa kama mtu kapulizia rangi.

Sababu, nikianza na ninayoikuta zaidi:

Gasketi ya duara kwenye kiungo. Toyota ndogo nyingi huunganisha bomba kwa bolti mbili zenye springi, katikati kuna gasketi nene yenye umbo la donati. Kiungo hiki kimetengenezwa kicheze kidogo injini inapotikisika. Gasketi ikilika au springi moja ikikatika, moshi unatoka hapo.

Sailensa ya nyuma iliyolika kutu. Kutu hii kwa kawaida huanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Safari ndefu inaukausha mvuke huo. Safari fupi za kwenda sokoni na kurudi zinayaacha maji yametulia tumboni mwa sailensa, yakichanganyika na asidi ya moshi. Ndiyo maana sailensa ya nyuma, iliyo baridi kuliko zote, hutangulia kuoza. Kwa wanaokaa Kigamboni, Nyali au Unguja, ongeza chumvi ya bahari kwa nje. Na gari lililotumika sehemu za theluji huko Japani huja na kutu yake tayari, kwa sababu barabara za kule humwagiwa chumvi wakati wa baridi.

Bomba la kati lililopigwa na matuta. Gari likiwa na abiria watano na mizigo, tumbo linakwangua. Angalia alama za kukwaruzwa, ufa huwa pembeni mwake.

Fleksi iliyochanika, kwa magari yaliyo nayo. Ni kile kipande cha bomba kilichosukwa kwa nyaya. Ukiikuta imechanika, usiagize mpya kwanza. Fungua boneti, mtu akanyage breki, aingize D na R kwa kupokezana huku akigusa mafuta kidogo, nawe simama pembeni, usisimame mbele ya gari. Injini ikiruka kama inataka kutoka, mauntingi zimekufa, na fleksi mpya itachanika vile vile.

Kubadilisha gasketi au sailensa ya nyuma ni kazi unayoweza kuifanya nyumbani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, pulizia bolti mafuta ya kulegeza kutu, WD-40 au nyingine yoyote, na asubuhi rudia. Tumia boksi spana yenye pembe sita, kwa Toyota nyingi ni namba 14. Boksi ya pembe kumi na mbili inakula kichwa cha bolti kilichokwishaliwa na kutu, halafu unabaki na duara. Kabla ya kufungua, kaza kidogo sana mpaka usikie "tek", ndipo ufungue. Bolti ikianza kwenda kwa shida, usilazimishe: nusu mzunguko kwenda, robo kurudi, mafuta tena.

Bolti ya kiungo cha nyuma ikikatika isikuumize kichwa, unaweka bolti na nati mpya. Ila kipande kilichobaki kikikugomea, kikate kwa msumeno wa mkono. Usiwashe grenda wala gesi ya kuchomelea chini ya gari nyumbani. Tangi la petroli na mipira yake viko karibu na bomba, na cheche hazichagui pa kuangukia.

Zamu ya raba. Vipira vinavyoshikilia sailensa vinabana kama vimeota pale. Vipake maji ya sabuni, visukume kwa koleo huku ukizungusha. Usipake oili, oili inaozesha mpira. Sailensa ina uzito, na raba ya mwisho ikitoka itakuja kifuani kwako, kwa hiyo weka jeki ya pili au ndoo iliyopinduliwa chini yake.

Safisha uso wa kiungo kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Gasketi mpya igonge taratibu kwa kipande cha mbao mpaka ikae sawasawa na ukingo. Ya zamani usiirudishe hata ikionekana nzuri, imeshajibana kwa umbo lake na haitaziba tena. Ning'iniza sailensa kwenye raba zote kwanza, bolti zote uzianze kwa vidole, halafu kaza kwa kupokezana, kidogo huku kidogo kule. Bolti za springi za Toyota nyingi hukazwa takriban Nm 43. Kama huna spana ya kupimia, kaza mpaka bega la bolti likae, kisha acha. Kuongeza nguvu hapo hakuzibi chochote zaidi, kunakata meno. Meno ya bolti yapake grisi ya shaba. Miaka ijayo utakapoifungua utajishukuru.

Kuhusu kununua: sailensa ya mtumba inaweza kuwa bora kuliko mpya feki, ila ikague. Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, muuzaji atakukabidhi iliyopakwa rangi ya fedha inayong'aa na kukwambia, "Bosi, hii imetoka Japani juzi." Itikise, na ikilia kokoto, mrudishie. Igonge kwa kifundo cha kidole kila upande; pale sauti inapobadilika na kuwa nyembamba kama ya kopo, bati limeisha. Kisha chukua bisibisi ubonyeze kwenye mshono, kwa sababu rangi haishikilii bisibisi. Linganisha pia na ya kwako, ukiziweka chini sambamba: mikono ya kuning'inizia iwe sehemu zile zile. Sailensa ya gari "linalofanana" inaweza kupishana sentimita tatu, na sentimita tatu zinatosha kuifanya igonge bampa.

Viraka vya kopo la soda na hozi klipu, au gundi ya egzosi, ni vya kukufikisha nyumbani, na nimevitumia mwenyewe. Ila kwenye bati lililooza kiraka hakina pa kushika.

Simama na uite fundi: kama flanji yenyewe (bamba la kiungo lenye matundu ya bolti) imeoza na kutengana na bomba. Hapo panahitaji kuchomelewa, na gari likichomelewa waya hasi wa betri lazima ufunguliwe kwanza. Ukimwona fundi anaanza bila kuufungua, mzuie.

Tiki-tiki asubuhi, inapotea injini ikipata moto

Sauti ni ya haraka, inakwenda na mzunguko wa injini, na baada ya dakika tano au kumi hakuna kitu. Watu wengi hukimbilia kusema ni valvu. Angalia oili kwanza, kwa kuwa oili ikiwa chini injini hugonga kwa namna hiyo hiyo, na kupima ni bure.

Oili ikiwa sawa, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya manifoldi, wa pili ni stadi (bolti isiyo na kichwa) au nati iliyolegea au kukatika, wa tatu ni ufa kwenye manifoldi yenyewe. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuuziba mwanya, ndiyo maana sauti inakwisha. Kwenye injini ya 1NZ manifoldi iko nyuma, upande wa dashibodi, kwa hiyo utaitafuta kwa tochi na kioo kidogo. Alama ni masizi yale yale.

Nati iliyolegea unaweza kuikaza mwenyewe, injini ikiwa baridi kabisa. Zaidi ya hapo mimi huacha. Stadi ikikatikia ndani ya silinda hedi, kuitoa kunahitaji kutoboa katikati yake kwa usahihi, na kosa la milimita mbili linageuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya kushusha hedi. Mlipe anayeifanya kila siku.

Bati linacheza, au kokoto ndani ya kopo

Gari likiwa limesimama linalia "zzzzz", ukigusa mafuta linanyamaza. Hilo karibu kila mara ni bati la kukinga joto lililopoteza bolti. Lishike kwa hozi klipu kubwa ya chuma kulizungushia bomba, kazi ya dakika kumi. Usiling'oe na kulitupa kama wengi wanavyofanya, maana lipo kuzuia joto lisifike kwenye sakafu, tangi na nyasi.

Sauti ikiwa ya kokoto, egzosi ikiwa baridi igonge kwa kiganja au nyundo ya mpira, sehemu moja moja. Kokoto zikilia kwenye sailensa, vigawanyio vya ndani vimeachana. Unaweza kuishi nazo kwa muda, ila vinaweza kuziba njia. Zikilia kwenye masega, sega limevunjika. Wakati wa masika ukipita kwenye maji ya Jangwani, Dar es Salaam, na egzosi ya moto, sega la kauri linaweza kupasuka kwa kupoa ghafla, kama glasi ya moto iliyomwagiwa maji ya baridi.

Bomba linaning'inia au linagonga chini kwenye matuta

Raba. Zivute moja moja kwa mkono. Yenye nyufa itafunguka kama mdomo. Zikiwa nzima, angalia vyuma vinavyozishika, huenda vimekatika kwenye kichomeleo. Badilisha raba zote kwa mara moja, kwa sababu moja mpya katikati ya tatu zilizolegea itabeba uzito wa zote. Ukiwa njiani na bomba limeanguka, lifunge kwa waya wa chuma. Kamba ya manila itayeyuka kabla hujafika mbali.

Harufu ya moshi ndani ya gari, au kichwa kinauma ukiendesha

Hapa usisome kwa haraka. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inajishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyoandamana nayo, na kukosekana kwa harufu si dhamana. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida kwa watoto walio kiti cha nyuma. Kipimo cha wazi ni hiki: kichwa kinauma ndani ya gari, kinaacha ukishuka na kukaa nje.

Ukiyaona hayo, fungua vioo vyote, simama, zima, wote washuke. Mtu aliyelegea au kuchanganyikiwa anapelekwa hospitali papo hapo, hata akisema amepata nafuu.

Chanzo cha kawaida ni kiungo kinachovuja chini ya sakafu ya abiria. Kinachofuata kinashangaza wengi: mdomo wa bomba uliokatwa mfupi. Fundi alibadilisha sailensa, akaweka iliyopungua, na sasa moshi unaishia chini ya buti badala ya kupita bampa, nao ukifika hapo unavutwa ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma uliochakaa. Tatu ni vizibo vya mpira vya sakafuni vilivyotoka. Nne ni manifoldi inayovuja, moshi ukiingia kwenye tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele.

Mpira wa mlango wa nyuma unaupima kwa karatasi: ifungie mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kubanwa, mpira umekufa. Bomba fupi unalirefusha. Lakini gari hilo lisiende safari mpaka kivujo kimepatikana na kuzibwa, na kama baada ya kuziba bado mnaumwa kichwa, fundi atafute chanzo pamoja nawe. Na usilale ndani ya gari lililowashwa kwa ajili ya AC, hata gari jipya.

Gari ni zito, halivuti, linagoma kupita mzunguko fulani

Usianzie kwenye egzosi. Kagua kichujio cha hewa, plagi, koili na kichujio cha mafuta, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyosababisha uzito mara nyingi. Vikiwa vizuri, weka kiganja mbali kidogo na mdomo wa bomba huku mtu akipandisha mafuta polepole. Pumzi dhaifu kutoka injini inayolalamika ni dalili ya kuziba.

Kinachoziba kwa kawaida ni masega yaliyoyeyuka, na hayayeyuki bila sababu. Injini inapomisi, yaani silinda moja isipowasha, petroli isiyoungua inaingia kwenye egzosi na kuungulia ndani ya sega, joto linapita kiasi, kauri inayeyuka kama nta. Aliyekwambia "endesha tu, kumisi kidogo hakuna neno" amekuuzia masega mapya. Sababu nyingine ni injini inayokula oili, kisha vigawanyio vya sailensa vilivyoporomoka.

Fundi mwenye geji atafungua sensa ya kwanza ya oksijeni, iliyo kabla ya masega, na kupima msukumo wa moshi pale. Ukizidi psi 3 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, njia imeziba. Hicho ndicho kipimo cha kudai kabla hujakubali sentensi maarufu: "Bosi, masega yamekufa, tuyatoe." Ndani ya sega mna platini, paladiamu na rodiamu, na lina soko lake. Ukikubali kutolewa, sema mapema kuwa kitu chako cha zamani unaondoka nacho. Utashangaa jinsi ugonjwa unavyopona ghafla. Binafsi sipendi kuyatoa: gari linanuka, taa ya injini inawaka, na aliyeua masega bado yumo ndani ya injini. Wala usiyachokonoe kwa nondo mwenyewe, vumbi lake si la kuvuta.

Simama papo hapo: ukiona usiku masega yamekuwa mekundu. Zima, na usiegeshe juu ya nyasi kavu.

Taa ya injini imewaka baada ya kufunga kipya

Rudi ulikopita. Mara nyingi waya wa sensa ya pili ya oksijeni, iliyo baada ya masega, umebaki haujachomekwa, au umelala juu ya bomba na kuungua. Gari likisomwa kwa kompyuta, kodi (namba ya kosa) P0141 inaelekeza kwenye kipasha joto cha sensa hiyo, yaani waya, plagi yake au sensa. P0420 inasema masega hayafanyi kazi ipasavyo, lakini kabla ya kuyahukumu hakikisha hakuna kivujo karibu na sensa: hewa ya nje ikinyonywa pale, sensa inaidanganya kompyuta. Sensa inafunguliwa kwa spana namba 22, egzosi ikiwa vuguvugu, si ya moto. Ikigoma kabisa usining'inie, meno yakitoka na sensa umenunua bomba pia.

Umemaliza, linatoa moshi na harufu ya kuungua

Bomba jipya huja na mafuta ya kiwandani, na vidole vyako vimeongeza grisi. Liwashe nje, liunguze dakika 15 hadi 20, moshi utaisha. Maji yanayodondoka mdomoni asubuhi ni yale tuliyoyasema, si hedi gasketi, mradi maji ya rejeta hayapungui.

Rudia jaribio la kitambaa kabla gari halijapata moto. Kisha zunguka nalo, pita tuta moja taratibu ukiwa na watu nyuma, usikilize kama linagusa. Siku ya tatu, likiwa limepoa usiku kucha, ingia tena na spana ya 14. U-bolti, zile zenye umbo la U zinazobana mabomba, hulegea kidogo baada ya kupashwa na kupoa mara kadhaa, hizo kaza. Bolti ya springi ikiwa imelegea, kaza mara moja. Ikilegea tena wiki inayofuata usiongeze nguvu, nati imelika meno, nunua bolti na nati yake pamoja.